Mama Mkwe Kukata Pumzi Mlimani

CHAMA CHA WAFYATUA MATOFALI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KUHUSU LORI LA CHAMA

Tarehe: Jumamosi, tarehe 14
Mahali: Ofisi ya chama, chumba cha mbele (cha nyuma kinavuja zaidi)
Muda: Kiliitishwa saa saba mchana, kikaanza saa nane na nusu

Waliohudhuria:
Mwenyekiti
Mama Tanuri, Mweka Hazina na msimamizi wa tanuri
Dereva wa lori
Mke wa Dereva, mjumbe, mfyatuaji
Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

Waalikwa:
Fundi wa magari
Mpwa wa Mwenyekiti, naye ni dereva (Katibu alipata habari za mwaliko huu mlangoni)

Wasiohudhuria:
Makamu Mwenyekiti, kwa udhuru. Anamuuguza mama mkwe wake, yule wa kweli, si lori.
Mlinzi, bila udhuru. Alionekana akipita dirishani mara mbili.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika kwa wakati. Wajumbe walitazamana.

Kumbukumbu za kikao kilichopita zilisomwa. Mwenyekiti aliomba neno "alifoka", ukurasa wa pili, libadilishwe liwe "alisisitiza". Mama Tanuri alisema yeye siku hiyo alikuwepo, tena alikaa karibu, na alichokisikia hakikuwa msisitizo. Baada ya mvutano ilikubaliwa iandikwe "alisisitiza kwa sauti". Kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 2/14: LORI KUZIMA MLIMANI

Kwa faida ya waalikwa, Katibu alieleza kwamba lori la chama wajumbe wote wanaliita Mama Mkwe, kwa sababu halitaki kuharakishwa wala kujibiwa. Mwaka jana lilifanyiwa mabadiliko: bodi ilirefushwa, injini ikawekewa tabo ya kuisukumia hewa na nozeli kubwa za kuipulizia dizeli zaidi, ili matofali ya safari mbili yapande mlima kwa safari moja. Tangu hapo Mama Mkwe hupanda vizuri mpaka kona ya mwisho, kisha hukohoa, hukata pumzi na kuzima.

Dereva alitoa taarifa ya Jumanne. Alisema lori lilizima palepale pa siku zote, likiwa na mzigo kamili. Injini ilipokufa, breki nazo zikawa nzito, gari likaanza kurudi nyuma. Aliwapigia kelele wapakiaji wawili waruke. Yeye akabaki kwenye usukani, akalirudisha kinyumenyume mpaka akaliegemeza kwenye ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia. Nusu ya matofali yalivunjika.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini matofali yalivunjika.

Mama Tanuri alimuuliza Mwenyekiti kama ameisikia ile sehemu ya watu kuruka. Mwenyekiti alijibu kwamba ameisikia na anamshukuru Mungu, lakini matofali pia ni ya watu.

KUMB. NA. 3/14: HOJA YA KUMBADILISHA DEREVA

Mwenyekiti alieleza kwamba hoja hii inamuuma kuliko mtu yeyote. Alisema Dereva ni mwenzake, wamezikana na kuozana, na hana ugomvi naye hata chembe. Ila umri ni umri. Mguu ukianza kusita kwenye mafuta, gari nalo husita. Alitoa ushahidi kwamba wiki mbili zilizopita Dereva alipokuwa na homa, Mpwa alishika lori hilohilo, mlima huohuo, mzigo uleule, akafika juu bila gari kuzima. Kwa hiyo alipendekeza kuanzia Jumatatu Mpwa achukue usukani, na Dereva apewe kazi nyepesi ya kuhesabu matofali pale tanurini.

Mpwa aliinama akawa anatazama viatu vyake.

Mke wa Dereva aliomba nafasi. Alisema, "Shemeji, kuhesabu matofali hata kuku wa pale tanurini wanaweza. Huyu umuache afanye kazi anayoijua, au umwambie aende nyumbani. Usimtafutie kiti cha huruma." Mwenyekiti aliomba kuku wasiingizwe kwenye mjadala.

Dereva aliulizwa anasemaje. Alisema maneno haya, ambayo Katibu ameyaandika kama yalivyotoka: "Labda Mwenyekiti anasema kweli. Siku hizi hata nikikaa kula, mguu wangu unakanyaga chini ya meza. Mke wangu ananiuliza vipi, namwambia nyamaza, mbu huyo. Si mbu. Nauuliza mguu, ni wewe unayenizimia gari? Wale vijana walivyoruka Jumanne, nilijiambia leo nimeua watoto wa watu kwa uzee wangu. Nimeanza kuuogopa mguu wangu mwenyewe."

Mke wa Dereva aliomba maneno hayo yasiandikwe. Dereva alisema yaandikwe, ndiyo kazi ya Katibu. Yameandikwa.

Katibu hakuulizwa maoni yake na hakuyatoa, ila anayo.

KUMB. NA. 4/14: MAELEZO YA FUNDI

Fundi, ambaye tangu afike alikuwa akigongagonga mguu wa meza kwa spana, aliomba wazee wake na mama zake wampe sikio kabla hawajafukuza mtu. Alieleza kwamba injini ya sasa inakunywa sana, lakini mfumo wa kuilisha ni uleule wa zamani: bomba ni jembamba, chujio ni moja, na pampu ni ndogo, imekaa huko kwenye injini, inavuta dizeli kutoka mbali kwa shida. Alisema, "Mmeoa bibi mwenye hamu ya chakula, halafu jikoni mna kisufuria kimoja. Atawanyamazia siku ngapi?"

Mama Tanuri aliuliza nozeli kubwa aliziweka nani. Fundi alijibu kwamba ni yeye. Aliulizwa kwa nini hakuweka na pampu. Alijibu kwamba alishauri, akaambiwa nguvu kwanza, mengine baadaye. Hakutaja aliambiwa na nani, na Mwenyekiti aliomba kikao kisonge mbele.

Kwa ombi la Fundi, kikao kilihamia uani. Mama Mkwe alikuwa amepandishwa magurudumu ya mbele kwenye tuta la kupakilia, akawa ameinama nyuma vilevile anavyoinama kwenye kona ya mwisho. Fundi alikuwa amekata kipande cha bomba la dizeli, mahali pake akaunganisha mpira mweupe unaoonyesha ndani. Aliwasha injini, akakanyaga. Wajumbe wote waliona kwa macho yao: dizeli ilipita kidogo, ikafuatiwa na mapovu, kisha mapovu matupu. Injini ikakohoa, ikazima. Dereva alikuwa amesimama pembeni, mikono mgongoni, miguu yote miwili chini.

Fundi alifafanua kwamba ndani ya tangi mdomo wa bomba umekaa upande wa mbele. Gari likipanda, dizeli yote hukimbilia nyuma, bomba likabaki linavuta hewa. Na injini ikila hewa badala ya dizeli huzima, hata iendeshwe na malaika. Mama Tanuri alisema ameelewa: ni mtoto na mrija kwenye chupa ya soda iliyobakia kidogo, akiinamisha vibaya anavuta kelele tu.

Mwenyekiti aliuliza: kama shida ni bomba, mbona kwa mpwa wake halikuzima?

Kikao kilikubali kwamba ni swali zuri, kikarudi ndani kulijibu.

KUMB. NA. 5/14: MPWA ALIPANDAJE MLIMA

Mpwa alitakiwa aeleze alivyoendesha siku ile. Alisema hakufanya la ajabu, aliingiza gia ya kwanza, akatuliza mguu, akapanda. Mama Tanuri alimuuliza tangi lilikuwa na dizeli kiasi gani.

Mpwa alijibu kwamba lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Alimgeukia Mwenyekiti akasema, "Si ulinijazia mwenyewe, mjomba? Ukasema nisije nikaaibika."

Mwenyekiti alikunywa maji.

Katibu anaona ni lazima kueleza hapa Kanuni ya Robo Tangi. Mwaka jana, muda mfupi baada ya lori kubadilishwa, dizeli ilinyonywa na watu wasiojulikana gari likiwa limelala uani. Chama, kwa hoja ya Mwenyekiti, kilipitisha kwamba tangi lisiwe na zaidi ya robo siku yoyote, lifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa Mwenyekiti. Siku hiyo Mwenyekiti alisema kikulacho ki nguoni mwako, na wakati akisema hakuwa akitazama nguo yake, alikuwa akimtazama Dereva. Kanuni ilipita kwa kura zote. Dereva naye alinyoosha mkono. Alipoulizwa leo kwa nini aliunga mkono, alisema, "Ambaye asingenyoosha ndiye angekuwa mwizi."

Fundi aliposomewa kanuni hii kwa mara ya kwanza alishika kichwa. Alisema, "Lo! Robo tangi, kwa mlima ule, na mdomo wa bomba ulipo! Wazee wangu, mlikuwa mnalituma likazime."

Dereva alimwomba Fundi arudie. Fundi alirudia.

Dereva aliuliza, "Kwa hiyo si mguu?"

Fundi alijibu, "Si mguu, baba. Haujawahi kuwa mguu."

Mke wa Dereva alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Mwenyekiti alianza sentensi mara mbili bila kuimaliza, na Katibu hakuweza kuzinukuu.

Ili haki itendeke, Fundi aliongeza kwamba kujaza tangi peke yake hakutoshi. Mpwa alikiri kwamba hata siku ile, kwenye kona ya mwisho, lori lilipungua nguvu mpaka akaanza kusali.

KUMB. NA. 6/14: MAAZIMIO YA LORI

Ilikubaliwa kwamba Mama Mkwe afungiwe pampu ya umeme karibu na tangi, ya kuisukuma dizeli badala ya kuivuta, bomba pana mpaka kwenye injini, na chujio la pili la kutenga maji. Ndani ya tangi kiwekwe kikombe cha chuma kitakachoshika dizeli kuzunguka mdomo wa bomba gari linapoinama. Mpaka kazi iishe, lori lisipande mlima na mzigo.

Mama Tanuri alisema fungu la paa la ofisi linatosha kazi hiyo. Katibu alipinga, akionyesha tone lililoanguka juu ya ukurasa huu wakati huohuo. Pingamizi lilisikilizwa kwa heshima, likatupwa. Fundi aliahidi kumaliza Jumatano. Aliulizwa Jumatano ipi. Alisema hii inayokuja.

Kanuni ya Robo Tangi ilifutwa kwa kura zote. Mwenyekiti aliondoa hoja yake ya kumbadilisha Dereva. Mpwa aliomba, kama Dereva hatajali, awe anapanda naye siku mojamoja afundishwe kurudisha gari nyuma na mzigo bila kuua mtu, maana yeye angeruka na wale vijana. Dereva alisema hatajali.

KUMB. NA. 7/14: UFUNGUO WA TANGI

Mwenyekiti alichomoa ufunguo wa tangi kwenye kishada cha funguo zake, akaunyoosha kwa Dereva juu ya meza. Alisema kuanzia leo ukae kwake.

Dereva hakuupokea. Alisema, "Kaka, mwaka mzima nimekuja mlangoni kwako asubuhi kukuomba ufunguo, wake zetu wakitazama, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza. Sikusema kitu. Lakini ufunguo huo sasa siutaki. Nikiuchukua, siku dizeli ikipungua hata kikombe, nitakuwa mimi tena. Toeni kufuli."

Mwenyekiti alisema tangi bila kufuli ni kuwakaribisha wezi. Dereva alisema wezi wakija watamkuta mlinzi, na kama mlinzi amelala basi mlinzi ndiye aulizwe. Mama Tanuri alisema hilo ni kweli, na Mlinzi alionekana dirishani kwa mara ya tatu.

Mwenyekiti alisema kwamba hakuwahi, hata siku moja, kuamini kwamba Dereva aliiba. Alisema alikuwa na hofu tu, na hofu ikatafuta mtu wa karibu. Dereva alimuuliza, "Mbona hukuniambia?" Mwenyekiti aliinuka, akatoka nje. Ilisikika akihangaika na kufuli kwa muda, akilitukana, kwa kuwa lilikuwa limeshika kutu. Fundi alitaka kwenda kumsaidia, Mama Tanuri akamwambia akae.

Mwenyekiti alirudi, akaweka kufuli juu ya meza. Mikono yake ilikuwa na grisi. Hakuketi. Alimuuliza Dereva, mbele ya wote, pampu ikishafungwa, yeye angependa mlima upandwe siku gani na saa ngapi.

Kabla ya kujibu, Dereva aliomba udhuru wa kutoka nje kidogo. Aliruhusiwa. Mke wake alimfuata. Mwenyekiti aliulizwa kama kikao kiendelee na mengineyo. Alisema kikao kimsubiri Dereva.

KUMB. NA. 8/14: KUFUNGA

Kikao kilisubiri. Hakukuwa na mengineyo. Dereva alirudi, akaketi mahali pake, akasema, "Alhamisi, saa moja asubuhi." Mwenyekiti alisema sawa, na wajumbe wakaondoka saa kumi na moja jioni.

Imesainiwa:

………………………
Mwenyekiti
(alama nyeusi kando ya saini ni grisi)

………………………
Katibu