Mti wa Mkole

Ndugu yangu Iddi,

Niliwafundisha watoto kwa miaka mingi kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Wewe nimeshindwa kukuuliza. Nitaanza na habari za mto, kwa maana najua ndizo ambazo ungezitaka kwanza, hata kabla ya habari za mgongo wangu.

Mto umepata maji. Mvua ilinyesha huko juu milimani, kwetu Nzuguni kukiwa bado vumbi tupu, na jana mchana maji yakafika. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma povu na majani makavu mbele yake. Nilikuwa nimesimama juu ya jiwe letu. Kila mwaka wewe ndiye uliyekuwa ukisema, "Yanakuja," kwa sauti ya chini, kana kwamba maji yangekusikia yakageuka. Jana neno hilo halikusemwa na mtu. Nilitaka kulisema mimi, kisha nikaona hakuna wa kumwambia.

Tangu tulipokuzika Kondoa, mambo yamebadilika kidogo kidogo. Mkeo Bi Mwanaidi amebaki huko huko kwa mwanao, na nyumba yenu ya Chang'ombe imepangishwa. Wapangaji ni mke na mume vijana, wote wanafanya kazi kwenye ofisi za serikali huko Mtumba. Wanaondoka asubuhi na kurudi jua likizama. Geti wamelipaka rangi ya buluu. Ni watu wema, lakini napita njia ya nyuma ili nisilione.

Ninachokosa zaidi ni Jumamosi. Ijumaa ilikuwa yako msikitini, Jumapili yangu kanisani, na Jumamosi ilikuwa ya mto. Mwili wangu haujaambiwa kwamba wewe umekufa. Jumamosi mwili huo unaamka mapema, unavaa kofia, unakaa kibarazani kusubiri baiskeli yako. Mama Yona wangu ananiona, ananiletea chai, hasemi kitu. Mwanamke yule kukaa bila kusema kitu! Nadhani na yeye alikuwa amekuzoea.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa natoka kwenye shamba la kaka yangu, nikamwona mtu mfupi katikati ya mto wa mchanga, pembeni ya dimbwi, akirusha mshipi mbele na nyuma juu ya kichwa chake. Nilidhani unafukuza nyuki. Nilipokaribia ukanionyesha ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya kanga, ukaniambia kwamba huyo ni nzi, na kwamba ulijifunza kuvua kwa nzi wa manyoya ulipokuwa karani kijana kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, ambako mito ni baridi na haikauki. Nikakuuliza, hapa Dodoma utavua nini? Ukasema, "Perege naye ana tamaa, Mwalimu. Tamaa haina mkoa." Hapo hapo perege akamrukia nzi wako. Ukamtoa ndoana kwa vidole viwili, ukamrudisha majini. Nikajua nimekutana na mwendawazimu, na nikarudi Jumamosi iliyofuata.

Ulinifundisha kwa shida. Mkono wangu ulikuwa wa chaki na fimbo. "Usimchape samaki, Mwalimu," ulikuwa ukisema. "Hajachelewa shule. Mwombe aje." Hadi leo narusha mshipi kama mtu anayechapa. Wa kunicheka ndiye hayupo.

Na watu walivyotucheka! Wazee wawili wanavua samaki na kuwaachia. Mama Yona aliwahi kuamini kwamba nina nyumba nyingine mahali fulani. "Siku nzima mtoni, na unachoniletea ni harufu," alisema. Ulipokuja kula ugali na mlenda kwetu akakubana wewe: "Shemeji, niapie kwamba ni samaki kweli." Wewe uliyeapisha mashahidi mahakamani mpaka ukastaafu, uliinua mkono wa kulia ukaapa, huku mdomo umejaa mlenda. Hakukuamini.

Sasa nikueleze habari yenyewe, ile iliyonifanya niandike.

Kiangazi kilikuwa kikali. Malori ya mchanga yameongezeka, kwa sababu kila upande wa mji watu wanajenga. Wameuchimba mto karibu na Dimbwi la Kati, hata maji yake yakazama mapema kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamweleza kwa utaratibu kwamba mchanga ndio unaotunza maji yetu, na kwamba akina mama wanaochimba visima humo watakosa pa kuchota. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Mzee wangu, mji unajengwa." Nilitoka bila kugombana. Ungekuwapo, ungegombana kwa niaba yangu, nami ningekushika mkono na kukusihi unyamaze, na tungerudi nyumbani tumeridhika sote wawili.

Basi samaki wakabaki kwenye Dimbwi la Kati. Unawajua: wale wanaopanda kutoka bwawa la Hombolo wakati wa mafuriko, kisha mto ukikauka wananaswa. Kila mwaka, kabla ya maji kwisha, mimi na wewe tuliwahamisha kwa ndoo hadi lindi lililo chini ya jiwe, ambalo halikauki. Mwaka huu maji yalipungua hadi kwenye vifundo vya miguu. Migongo ya kambare ilionekana. Yule kambare mzee mwenye sharubu, uliyemwita Hakimu kwa sababu hakutikiswa na chochote, alikuwa amelala kwenye tope akipumua kwa kinywa. Mwewe walikuwa wametua mchangani, wanangoja.

Nilikwenda peke yangu na ndoo kubwa pamoja na mti wetu wa mkole, ule alionipa Bi Mwanaidi pamoja na ufito wako wa kuvulia. Sijui niliuchukua wa nini. Mti ule hubebwa na watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, na ndoo ikining'inia baina yao. Niliuweka begani, upande wa pili ukagusa chini. Nilisimama hivyo kwa muda, Iddi, mtu mzima mwenye mti begani, na upande wa pili mchangani.

Nikauacha, nikaibeba ndoo kwa mikono ikiwa nusu. Mgongo ulinikatalia kabla sijafika nusu ya njia. Niliinama ghafla, ndoo ikapinduka, na perege wakatapakaa juu ya mchanga wa moto. Nilipiga magoti nikiwaokota. Mwewe walikuwa wepesi kuliko mimi. Vijana wa kwenye lori wakanipigia kelele, "Shikamoo mzee! Leo mchanga unakula chambo?" Niliitikia marahaba, kwa kuwa salamu ni salamu, nikaenda zangu nyumbani.

Nilikaa kibarazani. Mama Yona alitazama magoti yangu na suruali iliyojaa tope.

"Wamekufa?" akauliza.

"Wengine. Waliobaki watakufa kesho."

Aliendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Ule mti unahitaji watu wawili. Unadhani mimi ni nani, nusu mtu?"

Asubuhi alijifunga kanga mbili kiunoni, akavaa viatu vyangu vya mvua, akanifuata. Alilichukia tope lile kwa moyo wake wote. Alimshika Hakimu kwa kanga kama anayeshika mtoto aliyejichafua, akimwambia, "Tulia wewe, baba mzima!" Tulijaza ndoo, tukaitundika kwenye mti. Mimi nikatangulia, kama siku zote, kwa maana wewe ulikuwa ukisema, "Mwalimu hutangulia. Tazama njia, mimi nitatazama samaki wasiruke." Mke wangu akashika nyuma.

Vijana wa lori waliacha makoleo yao wakatazama. Mmoja akauliza, "Bibi, mnawapeleka wapi hao?"

Akamjibu bila kusimama, "Tunawapa nyumba nyingine. Hii mmeipakia kwenye lori."

Walicheka, kisha wakarudi kwenye makoleo yao. Siku iliyofuata lori lilikuwa limesogea, wanachimba upande wa chini wa mto, mbali na dimbwi. Sijui kama ni aibu au ni kwamba kule mchanga ni mzuri zaidi. Sikuuliza.

Lakini siku ile, kabla hatujafika kwenye jiwe, Mama Yona alisimama. "Baba Yona," akasema, akihema, "hebu shusha. Mbona mzigo wote uko kwangu?"

Nilimwambia kwamba hajazoea. Nilimwambia kwamba tumebeba hivyo kwa miaka mingi, na kwamba uzito hugawanyika sawasawa.

"Geuka utazame," akasema.

Tukaishusha ndoo. Niligeuka.

Iddi, lile pengo ulilolichonga kwenye mti, ambamo mkono wa ndoo unakaa ili usiteleze, haliko katikati. Liko nyuma, karibu kabisa na mahali bega lako lilipokuwa. Mimi niliyetangulia nilikuwa nimebeba mti. Ndoo ulikuwa umeibeba wewe.

Mke wangu alinitazama, akatazama pengo, akaelewa kabla yangu. Tulibadilishana. Yeye akatangulia, mimi nikashika nyuma, na ndipo bega langu lilipopata habari. Mzigo ni mzito, Iddi. Mti unauma mfupa, na maji yakitikisika yanakuvuta upande. Na wewe ulikuwa ukipiga mluzi. Ulikuwa ukinisimulia kesi za wezi wa mbuzi, nami mbele natembea kama bwana harusi, najisifu kwamba mgongo umepona vizuri.

Tulipomaliza, jioni nilikwenda Chang'ombe. Nilipita mbele ya geti la buluu, nikabisha hodi. Yule dada mpangaji akanisalimu vizuri, nikamwomba nitazame uani. Banda lako la kuku wamelibomoa, na mbao zimeegemezwa ukutani. Nilikuwa natafuta mti wetu wa zamani, ule tulioubeba kabla sijapasuliwa mgongo. Nilipotoka hospitali ulinijia na huu mpya, ukasema kwamba ule wa zamani umeliwa na mchwa. Baadaye niliwahi kuuona umeshikilia paa la banda, mzima, nikakuuliza, na wewe ukacheka tu na kunipa kikombe cha kahawa. Nikafikiri umezeeka, unasahau.

Niliupata. Niliuzungusha mikononi. Hauna tundu hata moja la mchwa. Na pengo lake liko katikati kabisa.

"Chukua tu, babu," yule dada akasema. "Tulitaka kuutupa."

Karani mzima wa mahakama! Umesikiliza viapo vya watu miaka yote, kisha ukanidanganya kwa mchwa. Nilicheka pale uani mpaka yule dada akaniletea kiti. Kisha ikawa siyo kicheko tena, na akaniletea maji.

Nimekasirika nawe kidogo, ukweli ni huo. Ulikuwa mfupi kuliko mimi, na kifua chako kilikuwa kimeanza kukusumbua. Kama ungeniambia, ningekataa. Ndiyo maana hukuniambia. Nimelitafakari jambo hili tangu siku ile, na kila nikitaka kukugombeza, sikuoni. Nageuka nyuma, kama Mama Yona alivyoniambia. Ni mchanga tu na nyayo zetu.

Lindi la chini ya jiwe lilishika maji hadi mwisho. Hakimu amepona. Jana, maji mapya yalipoingia, niliona kitu kikubwa cheusi kikigeuka mara moja na kuzama, na ninaamini ni yeye. Perege sikuwahesabu. Wengi nimewapoteza mwaka huu, Iddi, sitakuficha. Sasa mto umeungana, watakwenda wanakotaka.

Ufito wako bado haujatoka kwenye mfuko wake. Nimejaribu kufunga nzi kwa manyoya ya kanga, anaonekana kama mdudu aliyekanyagwa. Nitajaribu tena mvua zikitulia na maji yakiwa safi. Nitamrusha kwa kuchapa, hakuna namna, na samaki watanivumilia.

Mama Yona anasema nichonge pengo jingine katikati, ili mwaka kesho tugawane sawa. Anasema ni haki. Ni haki kweli, na maishani mwangu nimesimamia haki hata pale ambapo haikunipendeza. Lakini sitachonga. Nimeupaka mti mafuta ya alizeti na kuuweka juu ya dari, pamoja na ule wa zamani, ili mchwa wako wasiufikie.

Ninaandika haya mvua ikipiga bati. Ungeipenda. Ungesema tusubiri kidogo, kisha ungekuwa wa kwanza kutoka.

Basi, ndugu yangu, pumzika. Bega lako lilale. Kiangazi kitakaporudi na Dimbwi la Kati likianza kupungua, tutakwenda, mimi na mke wangu, na yeye akishindwa nitamwomba yeyote atakayekubali kuchekwa. Mwenzangu atatangulia, atazame njia. Nitamwambia kwamba ninatazama samaki wasiruke.

Nitakuwa nyuma.

Rafiki yako,
Mwalimu