Kisamaki cha Mti cha Bana Chanda

Jumatano, katikati ya Juni. Tunduma ina upepo mkavu unaopenya hadi kwenye mifupa. Nimefunga karakana mapema, si kwa sababu ya baridi. Sikutaka mtu anione.

Leo nimeumbuka, na nimejiumbua mwenyewe.

Kwa asiyenijua: nilifundisha useremala miaka mingi, nikastaafu, mke wangu akafariki. Watoto wako Dar es Salaam. Ili siku ziende, nikajifunza kutambua visamaki vya zamani, vile vya bandia vyenye ndoana ambavyo wavuvi huburuta majini kumdanganya samaki mkubwa. Ilianza pale mteja mmoja aliponiletea kimoja nikitengeneze mkia. Nikaingia mtandaoni kuona kilivyokuwa kikiwa kizima, nikakuta watu wazima huko Ulaya wanavikusanya na kuvigombania. Hapa mjini sijapata mwingine wa kuzungumza naye habari hizo.

Aprili alikuja Bana Chanda, mjane kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ni mama wa Chanda, na kwa Kibemba ndivyo wanavyomwita. Marehemu mumewe aliendesha boti ya wageni kule Mpulungu, Ziwa Tanganyika, akamwachia kopo la biskuti lenye visamaki kumi na kimoja. Alitaka kujua kama vina thamani au avitupe.

Kumi niliviweka kando palepale. Vilikuwa vya plastiki. Ukipitisha ukucha tumboni unausikia mstari pale vipande viwili vilipounganishwa, na macho yamechorwa kwa rangi tu. Cha kumi na moja kilikuwa cha mti. Macho ya kioo, rangi imepasuka nyufa nyembamba, na kwenye kibati cha kidevuni kuna herufi za mtengenezaji zilizogongwa kwa mkono. Nilimkataza asikisugue wala kukipaka mafuta, maana kikisafishwa bei inaanguka. Nikamwomba aniachie nichunguze, arudi Jumatano ijayo.

Jibu nililipata siku ya tatu. Mkusanyaji mmoja wa mtandaoni, niliyemtumia picha, alikitaka, tena kwa bei ambayo ingemnunulia mama yule cherehani mpya mbili.

Jumatano ilipofika sikumwambia.

Nilisema bado nachunguza. Alikaa, tukanywa chai, akanisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akiibembeleza injini ya boti kama ng'ombe mkaidi. Nilicheka hadi nikaishangaa sauti yangu. Wiki iliyofuata nikasema nasubiri majibu. Ikaenda hivyo wiki nane. Nikaanza kunyoa ndevu kila Jumanne jioni. Nikanunua vikombe viwili vinavyofanana.

Sikuwa na nia ya kumwibia. Hilo nimejiambia mara nyingi mno.

Leo nilimuuliza sare za shule anazoshona zinaendaje. Akasema, bila kulalamika, kwamba cherehani ameiuza wiki iliyopita kwa mshonaji mmoja wa sokoni kwao. Mvua za mwisho ziliezua bati la nyumba yake, na fundi alikataa kuanza kazi bila malipo. Akaongeza kwamba visamaki alishaacha kuvitegemea, nisijisumbue sana.

Nisijisumbue sana! Niliweka kikombe chini, nikamweleza yote.

Alisogeza kikombe chake pembeni. Malori yaliyokuwa kwenye foleni ya mpakani yalikuwa yakinguruma, nami nikashukuru angalau kuna kelele.

"Siku ya tatu ulikuwa unajua?"

"Siku ya tatu."

Alikifunga kisamaki kwenye kitambaa, polepole, kama nilivyomfundisha. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi ningekuja tu. Ungesema uko peke yako, ningekuja."

Heri angenitukana.

Nilimwandikia kwenye karatasi jina la mnunuzi, namba yake na bei aliyotaja, na alama zote za kile kisamaki ili asije akalaghaiwa na mwingine. Alisoma hadi mwisho, akaitia kwenye mkoba pamoja na kopo lake. Nilitaka kumsindikiza hadi mpakani. Alikataa kwa kichwa tu.

Nimeandika kwa mnunuzi mchana huu. Amejibu kwamba bado anakitaka. Kwa hiyo Bana Chanda bei hajaikosa. Alichokosa ni cherehani ambayo mkono wake uliizoea, na wiki nane alizolala chini ya paa bovu huku mimi nikimmiminia chai.

Kesho asubuhi nitavuka. Nitamtafuta huyo mshonaji wa sokoni, nimwombe aniuzie cherehani ile kwa pensheni yangu, hata akipandisha bei. Nikifanikiwa, nitaifikisha kwa Bana Chanda. Halazimiki kunisamehe kwa ajili hiyo, na sitamwomba.

Ila nikishaitua mlangoni pake, nitaweza kweli kusema yale maneno manne, kwamba mimi niko peke yangu, au nitatafuta kisingizio kingine?