Likizo Iliyoliwa na Sikukuu

Kaka yangu,

Sisi wazima, ila paa la jikoni linavuja. Umeandika kwamba nimemtupa mama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Napiga pasi kwa dobi Jumatatu na Jumanne tu. Nilipoomba likizo nije kumuuguza mama, meneja akacheka.

"Dada, likizo yako imekwisha. Sikukuu zote za Jumatatu tulizikata humo."

"Si mlifunga mlango wenyewe?"

"Kwani hukupumzika?"

Wenzangu wa wiki nzima hawakukatwa hata siku moja. Nikija kwa nguvu, kazi sina, na dawa za mama zinatoka humo humo.

Basi usimwambie nimemsahau. Mwambie ajikaze hadi mwakani, likizo zikianza upya.

Ni mimi, mdogo wako unayemlaumu.