Usipande Nyanya Kwenye Shamba la Mama

Mpumudde, Jinja
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Zamu,

Asalaam aleikum, wewe na kila anayelala chini ya bati lako hapo Busiu. Goti linaendeleaje na mvua hizi? Shemeji bado anakohoa alfajiri, au ile dawa ya mizizi imemsaidia? Mimi mwili ni mzima. Kazi ya kuchomelea vyuma ipo, macho yanawasha lakini yanaona. Nikikuambia na moyo ni mzima nitakuwa nimeanza kukudanganya kabla hata karatasi haijapata joto, na leo sitaki.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Dada, wewe wanijua. Kwenye simu mdomo wangu hutangulia, mimi nabaki nyuma naufuata. Kalamu inanichosha, maana niliishia darasa la tano, na mkono uliochoka hauna nguvu ya kupamba. Mpe Hadija akusomee. Hadija mwanangu, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona mjomba wako anaaibika.

Neno lenyewe ni hili: usipande zile nyanya kwenye shamba la Mama.

Ijumaa uliponipigia ulisema miche imefika shibiri moja, umeshalima pale nyuma ya jiko, na Jumamosi ijayo wanawake wa msikitini wanakuja kukusaidia kupanda hiyo miche ya mbegu ambazo Mama alizikausha kwa mkono wake kutoka kwenye nyanya za grinihausi yangu. Ukanishukuru huku nikiwasikia wanawake wenzako wakipiga vigelegele. Nami nikajibu, "Panda, Dada! Panda mpaka barabarani!" Nikakata simu, nikakaa juu ya debe, na chakula kikanishinda hadi leo.

Sasa nisikilize toka mwanzo.

Hiyo grinihausi niliijenga kweli. Hapo sikudanganya. Nguzo za mkaratusi nilizichoma miguu kwa moto ili mchwa wasizile, juu nikapinda mabomba ya chuma niliyoyachomelea mwenyewe, nikavalisha kaveera, ile nailoni nene nyeupe niliyonunua kwa Mhindi mmoja wa hapa mjini. Yule mzee aliniuliza, "Fundi, unafunika nini, lori?" Nikamwambia, "Nafunika mbingu." Siku ya kuivuta nailoni juu upepo wa ziwani ulikuja, watu wanne wakaachia, mimi nikashikilia. Dada, upepo uliniinua! Miguu yangu ilipita juu ya choo cha jirani, nikawaona kuku wake kutoka juu kama mtu aliye ndani ya ndege, ndipo nikateremshwa taratibu kwenye migomba.

Jirani mwenyewe ni Mzee Isabirye, mtu aliyeotesha miche maisha yake yote. Alikuja, akazunguka, akasema, "Afande, hii ni nyumba au ni chandarua cha ndovu?" Ananiita afande kwa sababu ya Kiswahili changu, hiki hiki cha kambi ya jeshi tulichofundishwa na marehemu Baba kwa fimbo. Nikamjibu, "Ndovu ni wewe, subiri ule nyanya."

Unakumbuka nilipokuja kumweleza Mama? Macho yake yalikuwa yameshaondoka, akanipapasa usoni, akauliza nyumba hiyo ya nailoni ina mlango kama nyumba ya mtu. Nikamwambia ina milango miwili na madirisha. Akakuamuru wewe uchote udongo pale pale alipokuwa akipanda nyanya zake, ujaze vigunia viwili. Alivifunga mwenyewe kwa ukambaa wa mgomba. Akasema, "Mmea uko ugenini, Masudi, na wewe uko ugenini. Angalau mnuse nyumbani." Nilivipakata kwenye teksi kutoka Busiu mpaka Jinja kama mtoto mgonjwa.

Kigunia kimoja nilikifungua. Nilikuwa na mistari mitano, na ule wa katikati ndio niliouita mstari wa Mama. Kila shimo la mstari ule nilitia konzi moja ya udongo wake, nikasema bismillahi.

Dada, zilikuwa nzuri. Hapa nakuomba uniamini kama hujawahi kuniamini. Asubuhi nilikunja nailoni za pembeni ili joto litoke, jioni nazishusha. Nilikata vichipukizi vya kwapani, nikafunga kila shina kwa kamba kwenda juu. Nyuki hawakupenda kuingia, basi saa nne nilikuwa napita nikigonga kamba kwa kidole, tik, tik, ili ua lijipe chavua lenyewe. Watu walikuja kutazama. Mimi na kofia yangu mlangoni, nawaambia wavue viatu!

Kisha mchana mmoja mche mmoja wa mstari wa Mama ukalegea. Majani yalikuwa ya kijani, si ya manjano, ila yamening'inia kama nguo mbichi. Jioni ukainuka. Kesho yake ikawa mitatu. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Wiki ile nilimwaga maji kuliko mvua, na maji yalikuwa yanaubeba ugonjwa kutoka mstari hadi mstari, na mimi ndiye niliyekuwa nabeba ndoo.

Nilipomwita Mzee Isabirye hakucheka. Alikata shina moja karibu na udongo, akaomba glasi ya maji safi, akalishikilia ncha yake ikiwa ndani ya maji bila kulitikisa. Tukangoja. Dada, kutoka kwenye lile shina ukateremka uzi mweupe, mwembamba, kama maziwa ya mama yanavyodondoka kwenye maji.

Akasema, "Huu ni mnyauko. Hauna dawa. Unakaa ardhini miaka. Mistari hii mingine ilianza baadaye, siyo? Huu wa katikati umeutia udongo wa wapi?"

Nikasema, "Wa mama yangu."

Akavua kofia yake. "Bambi, afande," akasema, yaani pole.

Kumbe zile nyanya za Mama zilizonyauka misimu miwili ya mwisho, tukasema ni jicho la yule jirani mwenye mbuzi, mpaka Mama akafa bila kumjibu salamu, ndio huo huo ugonjwa. Yule jirani hana kosa, Dada. Mpelekee salamu yangu, na yako.

Nikang'oa zote, nikachoma. Na siku hiyo hiyo moshi ukiwa bado unatoka, Mama akapiga kwa simu yako. "Masudi, hizo nyanya zangu zimeiva?" Ningeweza kusema zimekufa. Angeuliza zimekufa na nini, maana Mama hakuwahi kuacha swali katikati. Ningemwambiaje kwamba udongo uliotulea ndio ulioziua? Basi nikasema, "Zimeiva, Mama, kamba zinakatika kwa uzito." Ningekuwa mtoto mwema kama ningeishia hapo. Nikaongeza kwamba watu wanatoka Kampala kuzipiga picha. Sehemu ile ilikuwa ya nani, kama si ya mdomo wangu?

Akasema, "Niletee niionje moja kabla sijaondoka." Tulidhani anatania.

Dada Zamu, zile nyanya nilizoleta nilizinunua Mbale, sokoni. Nilishuka kwenye basi nikachagua saba kwa mama mmoja mwenye kitenge cha bluu. Nikazifuta kwa upindo wa kanzu, nikazifunga kwenye gazeti, nikapanda teksi ya Busiu. Wewe ulikuwa nje unamenya matoke, ukashangilia, ukasema, "Kaka yangu mkulima!" Nami nikatembea kama mkulima kweli.

Ndani, Mama aliichukua moja, akaigeuza, akaipeleka puani pale kikonyo kilipokuwa. Kisha akasema, "Hizi zimesafiri."

"Ndiyo, Mama, kutoka Jinja."

"Mbali zaidi," akasema.

Akaila yote. Juisi ikamtiririka kwenye kidevu, nikamfuta. Ya pili akaomba kisu, akazitoa mbegu kwa kidole gumba, akazipangusa kwenye majivu na kuzitandaza juu ya lile gazeti. Akakuita uliweke juani. Kabla mwezi haujaandama tukamzika.

Siku ya maziko ukawaambia watu kwamba kitu cha mwisho alichokifurahia duniani ni nyanya za Masudi. Wote wakanigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nikawaambia nilizichuma alfajiri zikiwa na umande. Nilisimama juu ya kaburi la mama yangu lenye udongo mbichi nikaongeza umande.

Ndiyo hiyo, Dada. Ukiipanda ile miche pale nyuma ya jiko itakufa mikononi mwako ikiwa na maua, na utasema Mama amekasirika. Hajakasirika. Kata mnavu wowote ulionyauka hapo, utie shina kwenye glasi, utauona huo uzi mwenyewe. Pale panda mahindi, kitunguu, misimu kadhaa. Nyanya, biringanya na viazi ulaya visipaguse. Miche uliiotesha kwenye beseni kwa udongo wa kichuguu, basi hiyo ni salama. Ipande upande wa juu, kule kwenye mahindi ambako hakujawahi kupandwa nyanya, na jembe lioshwe kwanza, na miguu pia. Wanawake wa msikitini waambie ukweli. Wataje jina langu, nimeruhusu.

Grinihausi yangu sasa ni nguzo na mabomba tu. Nailoni nimempa Mzee Isabirye afunikie kuni. Hajanitania tena, na hilo linaniuma kuliko utani.

Kigunia cha pili bado ninacho. Mzee anasema nikizike mbali, pasipolimwa na mtu. Nimekitoa mara tatu mpaka mlangoni. Lile fundo la ukambaa alilifunga yeye akiwa haoni, na halijafunguliwa. Nikilitupa hilo, sina kingine kilichoguswa na mkono wake.

Nakuuliza kitu kimoja. Nilipoondoka siku ile, wewe ndiye uliyebaki naye. Je, alikuambia kitu kuhusu nyanya zile? Kama alijua, aliila yote kwa nini? Niambie hata kama ni neno baya. Ukipiga simu na ukanisikia naanza kujisifu, kata.

Msalimie Shemeji, na yule fundi kinyozi mtoto wa shangazi, na mke wa marehemu Kaka, na mwalimu wa madrasa aliyemsomea Mama. Hadija, ahsante kwa kusoma. Barua hii nampa dereva wa teksi anayepita Busiu, ikufikie kabla ya Jumamosi.

Mdogo wako anayeona haya,
Masudi

Nimesahau. Ile ya upepo kunipitisha juu ya choo, niliongeza. Nilianguka tu. Mengine yote yalivyo ndivyo yalivyokuwa.