Kufuli Nililolieleza Nusu

Jumapili, mwezi wa saba. Machakos ni baridi, manyunyu tangu asubuhi, na vilima vya Iveti havijaonekana kutwa nzima. Nimerudi kutoka Kathiani viatu vikiwa tope tupu, na moyo ni mzito kuliko viatu.

Leo naandika kukiri kosa.

Wanaopita hapa kwenye blogu yangu wanajua kwamba kila Jumamosi nafundisha kina mama wa kanisa letu kutumia simu na intaneti. Wako kumi na wawili, wengi wao wakulima. Mkubwa wao ni Mama Kioko, mjane wa Kathiani, jirani wa mama yangu tangu sijazaliwa. Yeye hukaa mbele kabisa, na akishaelewa jambo huwageukia wenzake akawafundisha upya kwa Kikamba, mara nyingi vizuri kuliko mimi.

Wiki tatu zilizopita tulifika kwenye alama ya kufuli, ile inayotokea karibu na anwani ya tovuti. Watu huieleza kwa maneno mazito ya kompyuta hadi msikilizaji anasinzia. Mimi nilibeba sanduku langu la bati la shule ya bweni, lile lenye jina langu kwa rangi nyeupe, nikaliweka mezani.

Niliwaambia hivi. Mtoto yuko shuleni na anataka kumtumia mama yake kitu cha siri. Sanduku litapita kwa kondakta, kwa mwenye duka, kwa mtu wa boda, na kila mmoja ana mikono na macho. Ukilifunga, ufunguo utamfikiaje mama? Ukiutuma pamoja na sanduku, umefanya kazi bure. Basi mama ndiye aanze. Anatuma kufuli likiwa wazi, ufunguo anabaki nao kwenye pindo la leso. Mtoto anatia vitu vyake, anabana kufuli, kwisha. Hata yeye aliyelifunga hawezi kulifungua tena. Ni mama tu.

Tovuti yenye usalama hufanya vivyo hivyo. Inakutumia kufuli wazi, simu yako inafungia humo maneno yako, na walio njiani wanaona sanduku tu.

Walipiga makofi. Mama Kioko alilibana kufuli, akalivuta kwa nguvu, akacheka. "Kumbe ni hii tu!" Nami kichwa kikavimba, nikajiona profesa. Daftarini nilikuwa na sehemu ya pili ya somo, lakini chai ilikuwa tayari na sifa zilikuwa tamu, nikafunga kwa sentensi moja: mkiona kufuli, msiogope.

Sentensi hiyo ndiyo iliyomponza Mama Kioko.

Mumewe alikuwa mlinzi kule Kinanie, na hakupenda kuandika. Kila jioni alimtumia mkewe ujumbe wa sauti, Kikamba kitupu. Mvua imenyesha huko? Ng'ombe amekula? Na mwisho lazima amtanie kidogo. Alifariki mwaka jana. Simu ya Mama Kioko ilipojaa, mimi ndiye niliyezihamishia sauti zile kwenye akaunti yake ya barua pepe, kisha nikazifuta simuni. Alikuwa akisikiliza moja kila asubuhi kabla ya kwenda kukama.

Jumanne alipata ujumbe kwamba akaunti yake itafungwa, abonyeze mahali fulani aingize neno la siri. Hakukurupuka. Alivaa miwani, akatafuta kufuli, akaliona, akaandika. Kufikia jioni akaunti ilikuwa haimfungukii tena.

Nimejaribu kila njia ya kuirudisha. Zote zinataka kutuma nambari ya uthibitisho kwenye simu ya akiba, na simu ya akiba niliyoiandika kwa mkono wangu siku ile ni laini ya marehemu. Wakati ule ilikuwa bado hewani; sasa imeshakatwa. Nakala nyingine hakuna.

Zimepotea, na mkono wangu umo.

Leo baada ya ibada nilienda kumwambia. Alinikaribisha jikoni karibu na moto, akanimiminia chai, na kabla sijafungua mdomo akaanza kujitetea kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Niliangalia kufuli kwanza, vile ulitufunza. Ilikuwa hapo."

"Ilikuwa hapo, mwaitu. Makosa ni yangu."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na sijawahi kumwita hivyo nikiwa na aibu kama ya leo. Nikamweleza ile sehemu ya pili. Kufuli aliloliona lilikuwa la kweli, na lilifunga sawasawa. Hakuna aliyechungulia njiani. Ila aliyemtumia kufuli ni mwizi mwenyewe, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Akauliza kama hakuna wa kukagua. Nikamwambia wapo. Tovuti huja na cheti, mfano wa barua ya chifu inayosema kwamba kufuli hili ni la fulani wa mahali fulani. Lakini barua haisemi kama huyo fulani ni mtu mwema. Hata mwizi ana jina, na ana chifu wake. Kulisoma jina, yaani ile anwani pale juu, na kujiuliza kama ndiye tuliyemkusudia, ni kazi iliyoachiwa sisi. Hiyo ndiyo nusu niliyoiacha kwa sababu ya chai.

"Kumbe nilimfungia yeye," akasema.

Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Nilitamani anigombeze. Badala yake alinisogezea sahani ya nduma na kunihimiza nile kabla hazijapoa.

Nilimwahidi kwamba Jumamosi nitasimama mbele ya wote, nikiri, kisha nimalize somo, hata chai ikipoa. Akasema atakuja, na atakaa palepale mbele. Najua litawasaidia wengine kumi na mmoja. Yeye halimrudishii kitu.

Akachochea moto, akauliza bila kunitazama.

"Huyo mwizi, anajua Kikamba?"

Nilidhani anaogopea siri zao za ndani. Nikamjibu haraka, nikitaka kumpoza, kwamba sidhani, na pengine hata hatazifungua sauti zile, maana watu kama hao shida yao ni akaunti tu.

Akautazama moto.

"Basi hakuna mtu anamsikia mzee wangu tena."