Upande wa Kushoto wa Njia

Area 36, Lilongwe, tarehe 9 mwezi wa nne 2024

Mama mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Carelle. Sisi iko wazima, kikohozi chake kimepungua. Na magoti yako, yanakuacha utembee na hii baridi?

Nimepata kazi. Banataka kupanga kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, ikuwe kama muji: barabara za kweli, mifereji, gari ya kuzima moto iweze kuingia. Mi njo mkalimani wa wapimaji. Bantu banasema Kiswahili, mi nageuza kwa Kichewa.

Niliona ramani. Ile kanjia kati yetu na jirani, Mama Nahayo, itakuwa barabara. Wanaweza kukata kulia, kwetu, ao kushoto, kwake. Watauliza bantu kwa mkutano. Atakayevunjiwa atapewa kiwanja ng'ambo ya makaburi, na maji bado hayajafika kule.

Usimwambie mtu.

Mtoto wako,
Valentin

*

Dzaleka, tarehe 21 mwezi wa nne 2024

Mwanangu Valentin,

Mi sijambo, magoti njo yale yale. Umwambie Carelle anywe maji ya moto na tangawizi.

Nakuandikia kwa karatasi sababu kwa simu Nahayo anasikia kila neno. Kanjia kenyewe hakafiki hatua tatu.

Hii nyumba nilipiga matofali yake na mikono yangu. Sihami. Najua Nahayo alitupokea tulipokimbia vita kwetu Fizi, tukalala kwake mvua nzima. Najua alikubeba na malaria mpaka kliniki. Usinikumbushe. Lakini yeye iko peke yake, hana mtoto. Mtu mmoja analala fasi yoyote.

Na Kichewa hajui, hata cha kuomba chumvi. Kitu chochote atasema kwa mkutano, kitapita kwa kinywa chako.

Mama yako

*

Area 36, tarehe 2 mwezi wa tano 2024

Mama,

Natumaini umeamka salama. Sisi tuko.

Usiniombe hii kitu. Nakuomba.

Valentin wako

*

Dzaleka, tarehe 14 mwezi wa saba 2024

Mwanangu, baba yangu, tumaini langu,

Salamu za furaha! Leo hata magoti hayaumi.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Nahayo pale mkutanoni. Alisimama. Akasema: "Mi mjane, sina wa kunijengea. Bakate nusu kwangu, nusu kwa jirani yangu Madeleine. Kila mtu abaki na chumba kimoja, tukae sote." Bantu bakapiga makofi.

Mi nasikia Kichewa cha sokoni, Valentin. Nilisikia ukimwambia mkubwa wa wapimaji: "Huyu mama anakubali kuhama." Mkubwa akatabasamu, akamwambia "zikomo," asante, akamletea karatasi na wino. Nahayo akaweka kidole. Akakushika mikono miwili, akakuambia Mungu akubariki.

Mbona uliondoka bila kula? Nilikuwa nimepika ugali wa nsima na samaki ndagala.

Mama yako anayekupenda

*

Dzaleka, tarehe 30 mwezi wa kwanza 2025

Mwanangu,

Hujambo? Miezi sita huandiki. Carelle je?

Walikuja Jumanne na tingatinga. Nahayo alidhani wamekosea nyumba. Alisimama mlangoni akisema Kiswahili, halafu Kirundi, na bale hawakusikia kitu. Walimtoa kwa mkono. Kitanda chake kilibaki ndani. Sasa analala chini ya turubai kule ng'ambo ya makaburi.

Alikuja kwangu. Nikamuwekea kiti. Anasema kuna kosa kwa karatasi, atapeleka malalamiko ofisini Lilongwe, na anataka wewe umgeuzie maneno. Walimpa mkalimani mwingine, akakataa. "Valentin ni mtoto wangu," anasema.

Enda naye. Useme vile ulisema kwa mkutano, kwamba alikubali.

Mama yako

*

Area 36, tarehe 19 mwezi wa pili 2025

Mama,

Salamu. Carelle yuko salama, mimba iko ya miezi mitano. Sikukuambia.

Tulienda ofisini. Nilisema yote: alichosema siku ile, na kile niligeuza. Mkubwa alifungua ramani. Halafu akasema kidole ni kidole, ramani imepigwa muhuri, na barabara haiwezi kupindwa. Mi nikafukuzwa kazi pale pale.

Mama Nahayo alikuwa anangojea nimgeuzie. Nikamgeuzia vizuri, neno kwa neno, mpaka mwisho: nyumba yako hairudi. Nikamwambia pia nilichomfanyia. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Madeleine alijua?"

Nikasema ndiyo.

Alitembea peke yake mpaka steji ya basi. Nilimfuata, akanionyesha kwa mkono nirudi.

Nisamehe, Mama. Kuja huku ukae nasi, mtoto akizaliwa akukute.

Mwanao,
Valentin

*

Dzaleka, tarehe 8 mwezi wa tatu 2025

Valentin,

Baruwa yako imefika, lakini maneno ya Nahayo yalitangulia.

Banamama ba kanisa bameniondoa kwa koro ya waimbaji. Pa bomba ya maji nikifika bananyamaza, nikitoka bananza kusema. Jana Sophie, yule nilimfundisha kushona, alipita kwa barabara mpya na batoto bake, nikamsalimia, akatazama ng'ambo.

Ule ukweli ungefanya kazi mwezi wa saba, wakati nyumba ilikuwa bado imesimama. Sasa umeuleta wa nini? Hukumrudishia Nahayo hata tofali moja. Ulitafuta usingizi wako, basi. Ukaulipa na mimi.

Huko siji. Na huyo mtoto, akizaliwa, musimpe jina langu.

Usiniandikie tena. Nyumba ninayo.

Madeleine