Mzee Anayepiga Hodi

Buffalo, Marekani, 9 Machi 2024
Miaka arobaini tangu niondoke Bagamoyo

Mwanangu Naila,

Jana filamu yako ilionyeshwa hapa. Wameiita ya kigeni. Katika sinema za Hollywood mlango huvunjwa kwa teke. Katika yako mzee anapiga hodi mara tatu, na ukumbi mzima unasubiri naye.

Jirani yangu Walter akaninong'oneza, "Mbona haingii?"

"Hajakaribishwa."

"Si asukume tu!"

"Alaa! Nyumba ya watu?"

Taa zilipowaka nilisimama nikawatangazia wote, "Aliyeitengeneza ni binti wa kaka yangu!" Leo bado natembea kifua mbele.

Unaniomba nirudi tuishi sote huko Mapinga, Bagamoyo. Mke wangu amezikwa hapa, na hana mwingine wa kumzuru. Sitarudi.

Ami yako,
Mtoro